Karavani, makorongo na madimbwi ya kuogelea kaskazini mwa Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Mei maswali huwa ni yaleyale. Ndugu zetu walioko Perth, Brisbane na Melbourne, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi wa Tanzania, wote wanataka kuvuta karavani waje huku kaskazini waogelee kwenye yale madimbwi wanayoyaona kwenye picha. Nimeyakusanya hapa. Naongelea zaidi Darwin, Katherine na mkoa wa Kimberley kule Australia Magharibi, na kidogo Alice Springs. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: karavani ibaki kwenye lami au kambini, na maji usiyaingie mpaka uwe na uhakika yamefunguliwa kwa watu. Mengine tutaelewana.

Tuje mwezi gani?

Mei mwishoni mpaka Septemba. Huku watu wanahesabu misimu miwili, masika kuanzia Novemba hadi Aprili na kiangazi miezi iliyobaki (wenyeji wa hifadhi ya Kakadu wenyewe wanahesabu sita, na ukikaa unaona kwa nini). Aliyekulia Songea au Mtwara hapati shida, kalenda karibu ni ileile. Masika mito inafurika, barabara za vumbi zinafungwa, Gibb River Road nzima, ile barabara ya vumbi ya Kimberley, inafungwa, na ukikamatwa unaendesha kwenye barabara iliyofungwa faini yake si ya kucheka. Oktoba kunakuwa wazi ila joto na unyevunyevu vinakera, watu wanakuwa na hasira bure.

Na usione ni mvua tu. Januari 2023 mabaki ya kimbunga Ellie yaliujaza mto Fitzroy mpaka daraja la Fitzroy Crossing likavunjika, na ile ndo barabara kuu ya kule, daraja jipya lilifunguliwa Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo kabla hujatoka angalia tovuti ya barabara ya jimbo husika, sio ya rafiki yako aliyepita mwaka jana.

Ukija mapema sana, tuseme Mei mwanzoni, madimbwi mengi yanakuwa bado yamefungwa hata kama jua linawaka, sababu nakuja nayo hapo chini.

Hivi mamba ni wengi kiasi hicho au mnatutisha tu?

Hatutishi. Kuna mamba wa aina mbili. Kuna mdogo wa maji baridi, mdomo mwembamba, huyu anakula samaki na kwa kawaida anakukimbia ila ukimkanyaga au ukimbana atakung'ata na utashonwa. Alafu kuna mkubwa, wa maji chumvi, anafika mita 6, huyu ndo mla watu. Sasa watu wanasikia maji chumvi wanadhani yuko baharini tu, wakati anapanda mto mamia ya kilomita, anaishi kwenye maji baridi, na masika mafuriko yanamsambaza anakotaka.

Zamani walikuwa wamekaribia kuisha kwa kuwindwa ngozi. Northern Territory, jimbo lenye Darwin, ikawalinda mwaka 1971 wakiwa kama 3,000 hivi, leo makadirio ni kama 100,000. Idadi hiyo inakaribiana na ya watu wa jimbo zima ukiondoa jiji la Darwin, piga hesabu mwenyewe.

Oktoba 2002 binti mtalii kutoka Ujerumani aliuawa na mamba Kakadu, walikuwa kundi zima wanaogelea usiku, na walikuwa na mwongozaji wao wa safari. Julai 2023 mamba wa mita 2.4 alimng'ata mzee mmoja kwenye maporomoko ya Wangi, mchana, na eneo lilikuwa limefunguliwa rasmi kuogelea, alipona. Nakwambia hivi viwili kwa makusudi, cha kwanza ni mahali ambapo hapakutakiwa mtu kuingia kabisa, cha pili ni mahali panapokaguliwa na bado hatari haikuwa sifuri. Uamuzi ni wako.

Sasa nitajuaje dimbwi hili ni salama na lile sio?

Kwa kusoma kibao, basi. Kila masika ikiisha askari wa hifadhi wanazunguka usiku na taa kali kuangalia macho ya mamba, wanaweka mitego ya chuma, wanasubiri, wakiridhika ndo wanafungua. Ndo maana Mei mwanzoni unakuta pamefungwa. Na linaweza kufunguliwa Juni likafungwa tena kesho yake kwa sababu kaonekana mmoja. Angalia asubuhi ya siku ileile unayokwenda.

Kama hakuna kibao chochote, hakuna. Usiingie. Watu wa Rufiji au Mto Mara hamhitaji somo hili, ila vijana waliokulia mjini naona wanadhani maji yakiwa meupe hadi chini yanaonekana basi hakuna kitu. Mambo mengine ya kawaida: usisafishe samaki ukingoni, usichote maji sehemu moja kila siku, hema likae angalau mita 50 kutoka kwenye maji, na watoto wasicheze ukingoni hata wakiwa nje ya maji. Mamba anawinda ukingoni, sio katikati.

Na kichocho? Malaria?

Hivi viwili jamani mpumue. Kichocho cha binadamu hakina makazi Australia. Malaria ilitangazwa kutokomezwa huku mwaka 1981. Mbu wapo wengi tu na wana virusi vyao, kama Ross River inayouma viungo kwa wiki kadhaa hata miezi, kwa hiyo dawa ya kupaka na mikono mirefu jioni. Kitu kingine ambacho nyumbani hatukizoei: kwenye maji ya uvuguvugu kuna amiba anayeingia kwa njia ya pua, ni nadra sana ila akikupata ni mbaya, kwa hiyo kwenye chemchemi za moto kaa kichwa juu, usipige mbizi, watoto wasirushiane maji usoni.

Karavani ya kawaida itapita Gibb River Road?

Hili ndo swali la kila mtu na jibu langu ni hapana, japo utaona video za watu wamepita.

Gibb ni barabara ya kilomita kama 660 kutoka karibu na Derby mpaka kwenye njia panda kati ya Kununurra na Wyndham. Ilitengenezwa kwa ajili ya kusafirisha ng'ombe kutoka kwenye mashamba makubwa, haikutengenezwa kwa ajili ya friji yako na kabati za mbao. Vipande vya mwanzo na mwisho vina lami, katikati ni rafurodi, mawe makali, na uso wa barabara umejikunja kama bati. Kule kutetemeka masaa nane kunalegeza nati, kunakata mabano ya springi, kunafungua milango ya kabati na kumwaga unga kwenye godoro, kunapasua bomba la tangi la maji ambalo liko chini kabisa linapigwa mawe. Vumbi linaingia hadi kwenye shuka zilizokunjwa.

Wanaopita salama wana tela la kambi lile dogo la hema, au karavani iliyoundwa kwa njia mbaya, springi zake nyingine, uvungu wake umeinuliwa. Na hata hao, kwenye njia za pembeni wanaiacha. Ile ya kwenda Mitchell Falls watu wanaacha matela yao Drysdale River Station, shamba la ng'ombe lenye kambi, wanaendelea na gari tu na hema mgongoni.

Ninachowashauri watu wenye karavani ya kawaida: iache kambi ya Derby au Kununurra, lipia siku zako, chukua hema na gari la foobaifoo. Au kaa upande wa Northern Territory kabisa, Darwin hadi Mataranka ni lami mwanzo mwisho na maji ya kuogelea yako kibao, sioni kwa nini mtu wa mara ya kwanza ajitese.

Kama umekodi, soma mkataba. Makampuni mengi hayaruhusu gari lao litoke nje ya lami, na hata yanayokodisha foobaifoo yanataja barabara ambazo bima haifanyi kazi, na kule kuvutwa na brekdauni mpaka mjini gharama yake unaweza kununua gari Dar.

Upepo wa tairi niweke ngapi?

Kwenye lami weka ilivyoandikwa kwenye mlango. Ukiingia vumbi punguza, watu wengi wanashuka hadi kwenye psi 26 mpaka 30 kutegemea mzigo, na ukipunguza upepo punguza na mwendo, maana tairi laini kwa kasi linapata moto linapasuka. Beba kompresa ya kujazia ukirudi lamini. Tairi za spea ziwe mbili. Na ujue kubadilisha mwenyewe, jeki uijaribu nyumbani kwanza, sio unaitoa kwenye nailoni siku ya pancha.

Uzito wa tela unaokaa kwenye ndoano ya gari uwe kama asilimia 10 ya uzito wote wa karavani iliyojazwa. Ukipakia vitu vizito vyote nyuma, tela linaanza kuyumba na lori likikupita hapo ndo utajua.

Lori gani hizo mnazoziogopa?

Yale marefu yanayovuta matela matatu au manne, yanafika mita 53.5. Hayawezi kukukwepa na hayasimami haraka. Kwenye lami kaa kwenye njia yako, shika usukani mikono miwili. Kwenye vumbi likija mbele yako pisha, kaa pembeni kabisa, funga madirisha, subiri vumbi lishuke ndo uondoke. Kulipita wewe unahitaji barabara nyeupe kama kilomita nzima. Mjulishe dereva kwa redio ya mawasiliano ya UHF, malori chaneli 40, watu wa karavani wanasikilizana chaneli 18, na madereva wa malori ni watu wazuri sana ukiongea nao, atakwambia mwenyewe pita sasa.

Stuart Highway kuna vipande vibao vinasema 130. Hiyo sio amri. Ukivuta karavani 90 inatosha, na Australia Magharibi mwenye tela haruhusiwi zaidi ya 100. Jua likizama paki, kangaruu na ng'ombe wanatoka barabarani, mashamba mengi hayana uzio.

Tuogelee wapi hasa?

Nianze na ya lami, yaani karavani inafika.

Hifadhi ya Litchfield, kama kilomita 100 na kidogo kutoka Darwin. Wangi kambi inapokea karavani, dimbwi kubwa chini ya maporomoko mawili, linafungwa masika. Florence unashuka ngazi zaidi ya mia, kupanda ndo utajua umri wako. Buley Rockhole ni vidimbwi vinavyofuatana kama hatua mto ukishuka, watoto wanapapenda kuliko kote ila wikiendi Darwin yote inahamia pale, nenda saa moja asubuhi.

Mataranka, kilomita kama 420 kutoka Darwin. Pale kuna chemchemi mbili, maji nyuzi 34 mwaka mzima. Ile ya karibu na kambi imejengewa kingo, nzuri kwa wazee, ila kuna misimu popo wanahamia maelfu kwa maelfu kwenye miti ya juu na harufu yake, aisee. Mimi nawapeleka watu Bitter Springs. Maji ni ya bluu, yanatembea taratibu, unalala juu ya boya unachukuliwa hadi kwenye ngazi ya chini, unatoka unatembea kwa miguu unarudi mwanzo unalala tena. Asubuhi ya Julai kukiwa na baridi, mvuke unapanda juu ya maji. Katherine mjini napo kuna chemchemi ya uvuguvugu pembeni ya mto, na Leliyn, ambayo ramani nyingi zinaiita Edith Falls, ina dimbwi kubwa chini na vidogo juu, vya juu ni vizuri zaidi ila unapanda kilima.

Alice Springs ni dunia nyingine. Ellery Creek Big Hole iko kama kilomita 90 magharibi, maji ni baridi hata Desemba, ni baridi ya kukata pumzi kweli kweli, mtu anaruka anashindwa kupumua. Ingia pole pole, chukua boya. Na usiku wa Juni na Julai jangwani inashuka chini ya sifuri, mabomba ya karavani yanaganda, watu wanadhani Australia ni joto tu.

Sasa Gibb. Galvans ni matembezi mafupi kutoka barabarani, na juu ya maporomoko umesimama mbuyu. Ndio, mbuyu, ile ya Kimberley ni jamii moja na ya kwetu, wapo zaidi Afrika, Madagaska na hapa kaskazini magharibi mwa Australia. Nimeona mama mmoja kutoka Dodoma akisimama pale anauangalia, maji akayasahau. Manning iko nyuma ya kituo cha mafuta cha Mount Barnett, unavuka mto kwa kijiboti cha bati unachojivuta mwenyewe kwa kamba, alafu unatembea kama saa moja juani ndo ufike, na pale napapa namba moja ya Gibb yote. Bell ina maporomoko ya ngazi ngazi. Zebedee Springs ndani ya eneo la kitalii la El Questro ni vidimbwi vya uvuguvugu chini ya miti ya jamii ya mnazi, watu wa kawaida ni asubuhi tu, saa sita mchana wanafunga.

Korongo la Windjana sio la kuogelea. Mamba wadogo wanalala mchangani kwa makumi, unapita unapiga picha. Karibu yake kuna Tunnel Creek, mto unapita chini ya mlima, unatembea na tochi gizani kama mita 750, maji magotini. Jandamarra, mpiganaji wa Wabunuba aliyewasumbua polisi na wafugaji wa kizungu, alijificha maeneo hayo hadi alipouawa mwaka 1897. Mkipata mwongozaji wa Kibunuba mchukueni, hadithi ile haifai kusomwa kwenye simu.

Na pale Gibb inapovuka mto Pentecost msiteremke kwa miguu kupima kina. Mamba wakubwa wapo. Unapima kwa macho, unasubiri gari lingine lipite.

Tunaweza kuruka kutoka kwenye mwamba?

Hapana. Kiangazi kikiendelea maji yanapungua, jiwe lililokuwa mita 3 chini mwezi wa sita, mwezi wa tisa liko kiunoni. Helikopta haiji kwa dakika kumi. Usijitafutie sindano kwa ajili ya picha moja.

Maji na mafuta tubebe kiasi gani?

Maji lita 10 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku za ziada, kwenye madumu zaidi ya moja ili likipasuka moja usikauke. Mafuta jaza kila unapoona pampu hata kama geji iko nusu. Kwenye Gibb kutoka Mount Barnett kwenda mashariki ni takriban kilomita 300 hadi pampu inayofuata. Bei porini ni kubwa, lipa tu, aliyeleta lile lita kapita barabara uliyopita wewe.

Simu inashika?

Mjini na kwenye vituo vikubwa, mtandao wa Telstra ndo unafika mbali zaidi, katikati hakuna kitu. Beba kifaa cha satelaiti cha kuomba msaada, baadhi ya vituo vya wageni wanakodisha. Dharura namba ni 000. Mgonjwa mkubwa anachukuliwa na ndege za Royal Flying Doctor Service, wapo tangu 1928, wana viwanja vya vumbi kila pembe na wakati mwingine barabara yenyewe inageuzwa uwanja. Gari likikwama usiondoke kwenye gari. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Kwa nini sehemu nyingine tunazuiwa wakati hakuna mamba?

Kwa sababu ni ardhi ya watu. Sehemu kubwa ya huku ni mali ya wenyeji wa asili kisheria, hifadhi ya Nitmiluk karibu na Katherine ilirudishwa kwa Wajawoyn mwaka 1989 kwa mfano, na kuna maji ambayo kimila hayaingiwi, au yanaingiwa na watu fulani tu. Gunlom ndani ya Kakadu, lile dimbwi la juu la kwenye matangazo yote, lilifungwa 2019 baada ya njia ya miguu kujengwa karibu mno na sehemu takatifu ya Wajawoyn bila ruhusa yao. Sisi tuliokua na mizimu na misitu ya kaya hatuna haja ya kuelezwa hili mara mbili. Pasi zinalipiwa mtandaoni, Northern Territory wageni wasio wakazi wa jimbo waliwekewa pasi ya hifadhi mwaka 2023, na Mitchell Falls ina pasi yake ya wenyewe wa ardhi ile.

Sabuni je? Mafuta ya jua?

Sabuni hapana, hata ile ya mwarobaini. Mafuta ya jua na dawa ya mbu paka mapema ngozi inywe, au vaa fulana ya kuogelea, maana vidimbwi vidogo maji yakipungua yanabaki yaleyale mpaka mvua ya mwaka kesho.

Choo?

Karavani nyingi zina choo cha kaseti, kinamwagwa kwenye vituo maalumu tu, vipo mijini na kambi kubwa. Bila choo, chimba mbali na maji, karatasi rudi nayo. Mapori ya kulala bure kando ya barabara yapo ila mengi ni usiku mmoja, na moto angalia kama haujapigwa marufuku.

Mbwa wetu?

Hifadhi za taifa haruhusiwi. Nje ya hifadhi kuna sumu za kuua mbwa mwitu zimetegwa mashambani. Mwache kwa jirani.

Chakula tununue wapi, tubebe kutoka Darwin?

Mkiwa mnabaki Northern Territory bebeni Darwin au Katherine. Ila mkivuka kwenda Kimberley, mpakani karibu na Kununurra kuna kizuizi cha ukaguzi wa mazao, matunda mabichi, mboga nyingi na asali vinachukuliwa na kutupwa, wanafungua friji wenyewe. Pikeni nyanya na vitunguu iwe rosti usiku wa kabla, wali na maharage vinapita. Saa pia rudisheni nyuma saa moja na nusu mkishavuka, kwa hiyo duka la Kununurra mtalikuta bado liko wazi hata mkichelewa kidogo kutoka.